Siku Tisa Chalbi na Ramani Iliyotoka Kabatini

Siku ya kwanza, Nairobi

Ramani niliyokuja nayo kutoka Mombasa ilikuwa imetandikwa kwenye rafu ya kabati la jiografia shuleni kwetu, na juu yake zimepangwa chupa za maabara ambazo hakuna aliyezihitaji. Tulipokuwa tukisafisha kabati mwisho wa muhula niliivuta nikaikung'uta vumbi. Ni ya kipimo cha 1:250,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita mbili na nusu za ardhi, na inaonyesha kaskazini mwa Kenya kuanzia njia ya Marsabit hadi ziwani. Tarehe ya kuchapwa imeliwa na mende, lakini umri wake unajulikana. Ziwa limeandikwa "Lake Rudolf", na jina hilo liliachwa mwaka 1975 likawa Turkana, kwa hiyo karatasi ni ya kabla ya hapo. Miinuko nayo imeandikwa kwa futi.

Katikati, penye maneno "Chalbi Desert", pana uwazi mkubwa usio na mstari hata mmoja. Mwanafunzi fulani wa zamani amechora hapo goli la mpira kwa kalamu ya wino, na kipa wake ndani. Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nimefundisha kusoma ramani miaka kumi na sita, na vipande tunavyowapa watoto siku zote ni vya nchi ya mito, mashamba na vilima, vya kipimo cha 1:50,000. Kaskazini kukavu hakukupimwa kwa kipimo hicho; karatasi za msingi za huko ni za 1:100,000. Ndiyo maana leo tumepita Ruaraka, kwenye makao ya Idara ya Upimaji, tukanunua tatu za 1:100,000 ziwe za kulinganishia. Mwenzangu anayefundisha hisabati ameniuliza mara mbili kama kweli tunakwenda jangwani kusahihisha karatasi. Nimemjibu ndiyo mara zote mbili.

Siku ya pili, Nairobi hadi Marsabit

Tumeondoka saa kumi alfajiri, chai Isiolo, halafu lami tupu. Kwenye karatasi ya kabatini barabara hii ni vistari vya kukatikakatika, alama ya njia ya gari ya wakati wa kiangazi. Archer's Post, Merille, Laisamis, Logologo: vituo vyote vimo, vidogo, majina yamepangwa kama shanga kwenye uzi. Dere wetu alizaliwa upande huu. Anasema kabla ya lami lori lingeweza kuchukua siku mbili au tatu kufika Marsabit, na abiria walikaa juu ya magunia au juu ya ng'ombe, kutegemea lori limebeba nini. Sisi tumepita uwanda wa Kaisut tukila karanga.

Jioni baridi. Marsabit ni mlima wenye msitu na ukungu katikati ya ukavu, na asiyejua hudhani amepotea njia.

Siku ya tatu, Marsabit

Asubuhi tumekwenda Gof Redo, kilomita chache kaskazini mwa mji, karibu na njia panda inayogawa barabara ya Moyale na ile ya Maikona. "Gof" kwa lugha ya Waborana na Wagabra ni shimo la volkano, na mlima huu una mengi. Kwenye karatasi, Gof Redo ni kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, zilizojifunga duara, moja ndani ya nyingine, zenye vijimeno vinavyotazama ndani. Vijimeno hivyo ndivyo vyote. Mtoto akivisahau kwenye mtihani atakuambia ni kilima, na hapa nilipokuwa nimesimama angekuwa ameniweka juu ya kilele ilhali mbele ya miguu yangu ardhi inadidimia shimoni.

Kutoka ukingoni unaona kaskazini-magharibi nchi inavyoshuka. Kilele cha Marsabit kina mita 1,707. Chalbi iko chini ya mita 400. Ni mteremko wa zaidi ya mita elfu moja na mia mbili, lakini umetandazwa mbali sana hivi kwamba jicho linaona uwanda tu, kahawia, kisha kijivu, kisha mstari mweupe ambao sikujua kama ni chumvi au mbingu.

Jioni nimewaeleza wenzangu, na dere ambaye hakuomba, jinsi karatasi hizi zilivyotengenezwa, kwa sababu safari yote inategemea hilo. Wazungu wa mwanzo walichora walichopita nacho. Kapteni Philip Maud alipita huku kaskazini mwaka 1902 na 1903 akipima mahali pa kuweka mpaka na Ethiopia, na ramani za namna yake ni uzi wa njia wenye milima pande zote mbili. Nje ya upeo wa macho ya msafara hakuna kitu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yakageuka. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake yote, na ndege za jeshi lake zikapita juu zikipiga picha, kila moja ikifunika kama asilimia 60 ya ile iliyotangulia. Picha mbili za namna hiyo ukizitazama pamoja kwa kifaa chenye lenzi mbili, ardhi inainuka mbele yako, na mchoraji anaweza kuufuata mwinuko na kuchora kontua akiwa ofisini Uingereza, hajawahi kukanyaga Marsabit.

Sasa fikiria kipi kinaonekana kwenye picha ya ndege na kipi hakionekani. Kilima kinaonekana. Laga, yaani mto mkavu unaojaa siku ya mvua tu, unaonekana. Lakini kisima ambacho mdomo wake ni mita moja? Na maji yake, ni matamu au ya chumvi? Na jina lake? Hayo hayapigwi picha. Lazima mtu ashuke na kuuliza. Kwa hiyo rangi ya kahawia ya ramani hii, ile ya kontua, ni ya ndege, na ya bluu, ile ya maji, pamoja na majina meusi, ni ya mtu aliyeuliza mtu mwingine, siku moja, kwa lugha ambayo pengine wote wawili waliiazima.

"Basi tutaona ndege na mtu, nani mwongo," akasema dere.

Siku ya nne, Marsabit hadi Kalacha

Barabara ya Maikona ni ya mawe meusi, mawe ya volkano ya ukubwa wa kichwa, yamemwagwa hadi upeoni. Gari linatetemeka mpaka boli za kiti zinalia. Kontua zimetulia kabisa hapa, mtu angedhani ni uwanja wa kutembea pekupeku, na hilo ni somo la kwanza la ramani ya jangwa: inakuambia mwinuko, haikuambii utakanyaga nini. Karatasi ya zamani ina alama ya mawe ya lava, vikwaruzo vidogo. Nilikuwa nimevidhania uchafu wa mende.

Maikona tulisimama kununua maji, nami kwa uzembe nikaifungua karatasi juu ya boneti. Dakika mbili hazikupita, watu kumi na tano wametuzunguka. Mzee mmoja akauliza kwa upole, lakini kwa sauti ya kusikika na wote: "Mmetumwa na nani kupima hii ardhi?" Nilieleza kwamba ni mwalimu, ramani ni ya zamani, hakuna kinachopimwa. Kijana akasoma neno "Maikona" akacheka, akawaonyesha wengine, na hali ikalegea. Tangu hapo nimekuwa nikiifungulia ndani ya gari. Huku mtu akiona karatasi kubwa yenye mistari anaona uzio unakuja, na sidhani kama anakosea sana.

Kalacha tumefika alasiri. Ghafla kuna kijani: mikoma, maji yanayochuruzika juu ya ardhi, ngamia wengi wamesimama kama wanaosubiri kuitwa. Ramani zote mbili zina alama ya chemchemi hapa, na chemchemi ipo. Bluu imeshinda raundi ya kwanza.

Siku ya tano, Kalacha

Tumepata wa kutuongoza, Mgabra wa makamo ya babu yangu, aliyechunga ngamia hapa tangu utoto na kufanya kazi ya ulinzi Nairobi miaka ya ujana, kwa hiyo Kiswahili chake kina Nairobi ya zamani ndani yake. Sote tunamwita Mzee. Mimi ananiita mwalimu, mwenzangu wa hisabati pia mwalimu, na dere anamwita kijana ingawa dere ana wajukuu.

Nilitandika karatasi juu ya mkeka, kaskazini juu, kama ninavyoitundika ubaoni. Mzee akaitazama kidogo, akauliza Kulal uko wapi. Nikamwonyesha mlima kwenye karatasi. Akashika pembe mbili za karatasi, akaizungusha, akaendelea kuizungusha mpaka Kulal ya karatasi ikaelekea Kulal yenyewe, ile kivuli cha samawati upande wa kusini-magharibi. Halafu akakaa. "Sasa soma," akasema.

Kuielekeza ramani kabla ya kuisoma ni somo la kwanza kabisa kwenye madaftari yangu. Mwenzangu wa hisabati alikohoa kikohozi cha kejeli.

Basi nikasoma majina, kwa sauti, moja baada ya jingine. Mzee hakujishughulisha na mistari, alisikiliza. Mengine aliyarudia kwa matamshi yake na kutikisa kichwa, mpaka nikaanza kuona kwamba majina yenyewe ni maelezo ya nchi. "Dida" ni uwanda. "Tulu" ni kilima. "Guda" ni kubwa na "dika" ni ndogo. "Hora" ni maji ya magadi ambayo mifugo huyapenda, na hapo jina la North Horr, mji ulioko mbele yetu, likafunguka lenyewe. "Ela" ni kisima cha kuchimbwa. Mchoraji wa Uingereza aliyeandika maneno haya herufi kwa herufi pengine hakujua kwamba alikuwa akiandika ufunguo wa pili wa ramani yake, mzuri kuliko ule uliochapwa pembeni.

Visima viwili vilimfanya acheke. Kwenye karatasi viko mbali kama unene wa kidole, majina tofauti. "Hiki ni kimoja," akasema. "Hili jina letu, hili jina la Warendille." Mtu mmoja aliuliza akitokea kaskazini, mwingine akitokea kusini, na ofisini hakuna aliyeweza kujua. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Akaweka kidole kwenye alama ya bluu. "Wameandika cha nani?"

Nikamwambia ramani inaonyesha kisima tu.

"Kisima tu hakuna," akasema Mzee. Akaeleza kwamba kisima kina ukoo uliokichimba, kina watu wa zamu ya kuteka, kina mwezi wake. Ukifika na ngamia wako bila kumjua mwenyewe, maji yapo lakini hayapo. Nimeandika maneno hayo kwenye daftari kama alivyoyasema.

Mchana tukaenda kutafuta alama ya bluu iliyo peke yake, mashariki kidogo ya hapa. Kwanza nikaaibishwa na kifaa cha GPS. Kwenye makutano ya njia ambayo hayana shaka, nilisoma namba, nikazipeleka kwenye gridi ya karatasi ya 1:100,000, na kituo chetu kikaangukia milimita tatu kusini ya makutano na karibu milimita moja mashariki. Milimita tatu hapa ni mita 300. Nilishuku kifaa, nikamshuku mpimaji, kumbe kosa ni langu. Kifaa hutumia mfumo wa WGS84, unaotumiwa duniani kote sasa; karatasi imejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wenye umbo la dunia lililokadiriwa karne ya kumi na tisa, na kwa Kenya mifumo hiyo miwili inaachana takriban mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 90 mashariki-magharibi. Namba zilezile, mahali pawili. Unaingia kwenye mpangilio wa kifaa, unachagua Arc 1960, na unarudi barabarani. Mjini mita 300 ni mtaa wa pili. Hapa ni tofauti ya kukiona kisima na kupita kando yake.

Dira nayo ilinichezea. Nilipima mwelekeo wa vilima viwili vya volkano na wa Kulal, ili mistari mitatu ikatane nilipo. Haikukatana, ilitengeneza pembetatu ambayo ungeweza kujenga kijiji ndani yake. Nilikuwa nimesimama juu ya mawe meusi, na mawe hayo yana chuma cha kutosha kuvuta sindano. Nikasogea hadi kwenye mchanga, mbali na gari pia, nikapima upya, na pembetatu ikawa ndogo kama punje ya mtama. Vilima vilikuwa pale pale vilipochorwa. Ndege haikusema uongo.

Kisima je? Mahali pake tulikuta duara la mawe yaliyoporomoka, kinyesi cha mbuzi cha siku nyingi, na birika la udongo la kunyweshea lililopasuka. Mchanga umejaza. Mzee alisema kiliachwa baada ya kuchimbwa kisima cha mashine, ambacho kiko mwendo wa saa moja kwa mguu na hakimo kwenye karatasi yoyote kati ya zangu. Tulikifuata: paneli za jua, tangi la plastiki, foleni ya punda, na nyumba za mabati zilizokizunguka. Mji mdogo mzima umehama kufuata bluu mpya. Nimeuchora kwa penseli.

Siku ya sita, ndani ya Chalbi

Leo tulikuwa tukate Chalbi kwenda North Horr. Nimefika kwenye goli la yule mwanafunzi.

Nieleze kwanza kwa nini pamebaki peupe, maana nimewasikia hata walimu wakisema wapimaji hawakufika. Walifika, na ndege ilipiga picha. Kontua huchorwa kwa kila hatua fulani ya mwinuko, na sakafu ya Chalbi ni tambarare kiasi kwamba yote inaingia katikati ya hatua moja. Hakuna mstari kwa sababu hakuna pa kuupitisha. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi huku, hapa palikuwa na ziwa, na usawa huu ni wa tope lililotulia chini yake. Weupe wa karatasi ni umbo la maji yaliyoondoka.

Ila kuna vitone vya bluu, hafifu sana, ambavyo kwa miaka yote nilivichukulia kama kasoro ya uchapaji. Ufunguo unasema: ardhi inayofurika. Nilimsomea dere. Dere akasema mvua haijanyesha huku kwa wiki nyingi, na mbele yetu kuna nyayo za magurudumu. Zilikuwepo kweli. Tukazifuata kwa kasi nzuri, dunia nyeupe pande zote, mbele yetu maji ya mazigazi yanang'aa na ngamia wanne wanaelea juu yake bila miguu. Mzee alikuwa amenyamaza. Kisha akasema, "Kijana, rangi imebadilika," na kabla dere hajajibu gari likazama mbele hadi kwenye bampa.

Tulikwama kwa muda wa saa tatu na nusu. Ukoko wa chumvi juu ulikuwa mkavu; chini yake tope jeusi lenye harufu ya mayai mabovu. Tulichimba kwa beleshi moja na sufuria mbili. Tuliweka mbao, zikamezwa. Tuliweka mkeka wa Mzee, ukamezwa pia, na hilo liliniuma kuliko yote. Hatimaye tuling'oa vichaka vikavu pembeni, tukapakua mizigo yote pamoja na mitungi ya maji, tukapunguza upepo wa magurudumu, na Land Cruiser ikatoka kinyumenyume, ikilia.

Wakati tumekaa kwenye kivuli cha gari Mzee alinifundisha kusoma kile ambacho wino hauwezi. Ukoko mweupe uliopasuka kama vigae ni mkavu, pita. Ukoko wa rangi ya chai ya maziwa bado una maji chini, uzunguke. Nyayo za gari haziambii kitu kwa sababu hujui zilipita mwezi gani. Nyayo za ngamia za jana zinaambia, na ngamia mwenyewe hapendi tope. Nilitazama tena karatasi: tulikwama ndani ya vitone, karibu sana na mpaka wake. Kwa hiyo siku hii bluu ilisema kweli na sisi ndio tuliokuwa wakaidi. Nimemwambia dere hivyo. Amesema madam, karatasi yako ingesema kwa herufi kubwa.

North Horr usiku, mchanga mtupu. Mzee amelala kwa jamaa yake. Nimemnunulia mkeka mwingine. Si mzuri kama ule.

Siku ya saba, North Horr hadi Loiyangalani

Tumeagana na Mzee asubuhi. Barabara inashuka kusini kupitia Gus, halafu mawe tena, mawe, mawe. Kulal imekaa kushoto kwetu siku nzima. Kwenye karatasi ni kontua zilizobanana mpaka zimekuwa doa la kahawia, na katikati yake korongo limeukata mlima kama kisu kilivyokata mkate. Mita 2,285. Sina la ziada. Mikono imevimba kwa kushikilia mlango.

Saa kumi na moja jioni ziwa likatokea, kijani, na upepo ukaanza. Haujakoma tangu hapo.

Siku ya nane, Loiyangalani

Upepo huu nao umo kwenye kontua, ukitaka kuuona. Unavuma kutoka mashariki ukibanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu za Kenya, na hapa karibu unabanwa tena kati ya Kulal na Nyiru. Nimeweka vidole juu ya milima hiyo miwili kwenye karatasi, na nafasi iliyobaki katikati ni mlango.

Nimekuja na karatasi nyingine tena, nakala ya ramani ya Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria. Alifika hapa na Count Samuel Teleki, kabaila wa Hungaria, mwezi Machi 1888, na ndio waliolibandika ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wao. Mtu wa pwani hawezi kuitazama ramani hiyo kwa macho makavu. Msafara ulitokea Pangani. Wapagazi wake walikuwa watu wetu wa Unguja na Mrima, na pamoja nao alikuwepo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, aliyezijua njia za bara na desturi za kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita njia, kuliko Mzungu yeyote. Von Höhnel alikuwa na dira, saa, na kipimajoto cha kuchemshia maji: kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto la chini zaidi, kama nyuzi moja kwa kila mita 300, na kwa tofauti hiyo hukadiriwa mwinuko. Umbali waliukadiria kwa saa za mwendo. Yaani kipimo cha ramani hii ya kwanza ni hatua za wapagazi wenye kiu, waliobeba mizigo juu ya mawe haya haya yaliyonivimbisha mikono nikiwa nimekaa garini. Majina yao hayamo. Wenyeji waliwaambia ziwa linaitwa Basso Narok, maji meusi. Waliliandika hilo kitabuni, na bado wakalibandika ziwa jina la mwana wa mfalme.

Mchana tumeshuka ufukweni na mama mmoja wa Kielmolo na mwanawe mvuvi. Karatasi ya kabatini inalipa ziwa mwinuko wa futi 1,230, yaani mita 375, na mstari wa ufuo umechorwa kwa bluu nene, yenye kujiamini kuliko bluu zote za ramani nzima. Nilimwonyesha kijana rasi ndogo ambayo imechorwa waziwazi. Akanyoosha mkono ndani ya maji. Miaka ya karibuni ziwa limepanda, likaingia kwenye makazi na kuyafunika makaburi ya Waelmolo. Mama alisimama akitazama sehemu moja ya maji, isiyo na tofauti yoyote na nyingine, akataja nani amelala pale. Sikuandika.

Kumbe hata mstari huu ni wa siku moja. Ziwa hili halina mto unaotoka. Linaishi kwa mto Omo unaoingia na jua linalokausha, na katika karne iliyopita limeshuka na kupanda kwa mita kadhaa. Kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, mita moja ya wima hula mamia ya mita za ardhi. Ndege ilipita, ikapiga picha maji yalipokuwa siku hiyo, na mchoraji akaweka wino. Kwa hiyo ile kanuni yangu ya Marsabit, kwamba kilichotoka kwa ndege hakina uongo, imekufa hapa ufukweni, na dere amefurahi kupita kiasi.

Tulitembea ukingoni na kifaa cha GPS, kijana wa mama mbele, nami nikachora ufuo wa leo kwa penseli juu ya ule wa zamani, kilomita nne hivi. Upepo ulichukua kifutio changu. Kijana alitazama mstari mpya akauliza: mwaka ujao ukihama tena, watu watajuaje huu ni wa lini? Nikaandika mwezi na mwaka kando yake. Kisha nikarudi nyuma karatasini, Kalacha, kwenye kisima cha paneli za jua na kwenye kile kilichokufa, nikaviwekea tarehe navyo.

Siku ya tisa, Loiyangalani hadi Maralal

Siku ndefu. Tumepita karibu na mitambo ya upepo, 365 kwa hesabu rasmi, myeupe, inazunguka mahali ambapo karatasi yangu ina kontua tatu na neno moja. Halafu South Horr yenye miti, Baragoi, kupanda, baridi, Maralal saa mbili usiku.

Karatasi imechanika kwenye mkunjo, kuanzia North Horr hadi golini kwa yule mwanafunzi. Nimeingia duka la karibu na nyumba ya wageni kununua gundi ya utepe, na muuza duka akanisaidia kuitandaza juu ya kaunta, kati ya unga na sabuni. Akaishikilia huku nikibandika. Alitazama mistari, vitone, alama zangu za penseli zenye tarehe.

"Ni kubwa," akasema. "Shamba la nani?"

Nikamwambia hawakuandika.